Anayekujua Usimjue

Mwaka 1995 maduka ya Tesco huko Uingereza yalianza kuwapa wateja kadi iitwayo Clubcard. Ukiitoa unapolipa, unajiwekea pointi za kukupunguzia gharama siku nyingine. Nao wanaandika ulichonunua: maziwa, nepi, dawa ya kikohozi. Kwa orodha hiyo kompyuta hukadiria u mtu wa namna gani, na matangazo huja yamekatwa kwa kipimo chako.

Wanafunzi wangu wa ualimu wangenijibu mara moja kwamba hili si jipya. Mwenye duka wa mtaani naye anajua nani anakunywa chai bila sukari. Kweli, na deni langu limo daftarini mwake. Lakini nami namjua yeye na mizani yake, na akinisengenya habari zitanifikia. Kila mmoja ameshika siri ya mwenzake. Kompyuta haina uso wa kuona haya.

Kinachonisumbua zaidi ni bei. Tangu 2019 bidhaa nyingi humo zina bei mbili, ya mwenye kadi ikiwa nafuu. Tajiri aweza kulipa zaidi akabaki na siri yake. Mjane anayehesabu peni akiitoa kadi, tuseme ameridhia?