Mwalimu Mkuu, Anza na Majina

Hakuna waraka wa wizara unaomjua mtoto kwa jina. Waziri atatangaza siku ya kufungua shule, maafisa watapanga kalenda, Tume ya Huduma kwa Walimu itaajiri itakapoweza. Lakini yule binti wa gredi ya 5 ambaye dawati lake liko tupu siku ya kwanza ya muhula, katika serikali yote hii, anajulikana na wewe na walimu wako tu. Kwa hiyo mpango wa elimu baada ya janga ni kazi yako, mwalimu mkuu, na wakati wa kuuandika ni sasa, kengele ikilia kama kawaida na uwanja ukiwa umejaa watoto.

Wako watakaosema korona imeshapita, tuyaache. Haijapita madarasani. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe. Oktoba 12 wakarudi wanafunzi wa gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 pekee. Waliobaki walikaa nyumbani hadi tarehe 4 Januari 2021. Mfikirie mtoto aliyeingia gredi ya kwanza mwanzoni mwa 2020: ndiyo kwanza anaunganisha silabi, anafungiwa mlango zaidi ya miezi tisa. Mtoto huyo alifika gredi ya 6 mwaka 2025. Kama hakuna mwalimu aliyerudi nyuma kumfundisha alichokikosa, amepanda madarasa yote hayo na pengo lake. Na Uganda waliumia kutushinda: walifunga Machi 2020, wakafungua kwa makundi, wakafunga tena Juni 2021, na milango yote haikufunguliwa mpaka tarehe 10 Januari 2022.

Sasa nipe sikio lako kwa habari inayotoka mbali, maana ndiyo kiini cha haya yote. Oktoba 2005 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga kaskazini mwa Pakistan. Watoto wa maeneo yaliyoathirika vibaya walikosa masomo kwa takriban miezi mitatu. Misaada ikamiminika, nyumba zikajengwa upya, watoto wakarudi madarasani. Miaka minne baadaye watafiti Tahir Andrabi, Benjamin Daniels na Jishnu Das wakawapima. Wale waliokuwa karibu na ufa wa tetemeko walikuwa nyuma ya wenzao kwa kiasi cha mwaka mmoja na nusu wa masomo.

Soma tena hesabu hiyo. Walikosa miezi mitatu, wakajikuta nyuma mwaka na nusu. Sehemu kubwa ya hasara ilikuja baada ya shule kufunguliwa, watoto wakiwa wameketi darasani na mwalimu akiwa mbele yao. Maelezo yanayoingia akilini ni haya: masomo yaliendelea pale silabasi ilipopaswa kuwa, si pale mtoto alipokuwa. Asiyeelewa somo la leo hawezi kulielewa la kesho, na kila wiki pengo linapanuka kimyakimya.

Kwa hiyo mwalimu mkuu anayerudi kutoka kwenye janga na kusema, "Tumechelewa, tukimbie tumalize silabasi," anawaacha watoto njiani kwa nia njema kabisa. Sisi wenyewe tulikimbia. Mwaka 2022 tulibana mihula minne ndani ya mwaka mmoja ili kalenda irudi mahali pake Januari 2023. Kalenda ilirudi. Lakini mbio zikiwa bado njiani, mwishoni mwa 2021, tulishuhudia mabweni yakiteketea katika shule nyingi za sekondari, na walimu wengi waliusema waziwazi uchovu wa mbio zile. Serikali ilikuwa na sababu zake, sizibezi. Ninachosema ni kwamba ndani ya lango la shule yako wewe ndiye unayeamua mwendo, na unayo ruhusa ya kusimama kidogo ili watoto wako wakufikie.

Anza na majina. Rejesta ya mwisho kabla ya kufungwa na rejesta ya wiki ya kwanza baada ya kufunguliwa ziwekwe juu ya meza moja, zisomwe mstari kwa mstari. Kila jina lililopungua liwe na mwalimu mmoja aliyepewa kulitafuta. Januari 2021 machifu na manaibu wao walitumwa vijijini kuwatafuta watoto ambao hawakurudi, na kazi hiyo ilisaidia. Ila chifu ana eneo zima la kuhudumia. Mwalimu wa darasa anajua kwamba kijana fulani alipenda hesabu, kwamba mamake anauza mboga stendi, kwamba ndugu yake mkubwa ana bodaboda na huenda naye ameanza kubeba abiria. Mtoto akiona mwalimu wake amesimama mlangoni kwao, anajua kuna mtu aliyehesabu na kukuta yeye hayupo.

Ili hilo liwezekane wakati wa dhiki, maandalizi yafanywe wakati wa amani. Je, shule yako ina namba ya simu ya mzazi wa kila mtoto, na ya jirani kwa ajili ya siku ambayo ya mzazi haipatikani? Unajua ni watoto wangapi wanatoka kila kijiji, na mwalimu gani anaishi karibu nao? Unajua nyumba zipi zina redio na zipi hazina? Wakati wa korona masomo yalirushwa redioni na kwenye runinga, na nyumba nyingi hazikuyapata kwa kukosa umeme au kifaa, au kwa kuwa mtoto alikuwa shambani saa hiyo. Shule inayojua watoto wake wanaishi wapi inaweza kuwagawia vitabu kabla lango halijafungwa. Vitabu vilivyofungiwa kabatini miezi tisa havikumfundisha mtu.

Hapa nataka kukaa kidogo na wasichana, kwa sababu ndio wanaopotea na kusahaulika upesi. Baada ya Ebola, Sierra Leone ilifungua shule Aprili 2015 huku ikiwazuia wasichana wenye mimba inayoonekana kuingia darasani. Marufuku hiyo ilidumu mpaka Machi 2020. Ulikuwa uamuzi mbaya, na uliwaangukia waliokuwa wameumizwa tayari. Kwetu Kenya sera ya kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua ipo tangu 1994, na Tanzania ilifungua mlango huo Novemba 2021. Sheria iko upande wako. Kinachobaki ni wewe: utampokea vipi asubuhi ile atakapofika na sare iliyombana, macho chini, akingoja kufukuzwa? Waandae walimu wako mapema. Waambie wanafunzi kwamba mwenzao anarudi na hakuna atakayemcheka. Tena wale watafiti wa Pakistan walikuta jambo jingine: watoto ambao mama zao walikuwa wamemaliza angalau shule ya msingi hawakurudi nyuma baada ya tetemeko. Msichana unayemrudisha leo ndiye ngao ya watoto wake siku ya janga jingine.

Majina yakipatikana, pima kusoma. Simaanishi mtihani wa karatasi wa darasa zima. Keti na mtoto mmoja mmoja, mpe herufi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la 2, umsikilize. Mpango wa upimaji uitwao Uwezo umewapima watoto wa Afrika Mashariki namna hiyo kwa miaka mingi, na shirika la Pratham la India limejenga juu ya kipimo cha aina hiyo ufundishaji unaowapanga watoto kwa uwezo wao, si kwa umri wala gredi. Zambia nao wameupeleka katika shule zao za umma. Kwa saa moja kila siku, anayeshindwa na herufi anakaa na wenzake wa herufi, hata kama ni wa gredi ya 5, na mwalimu anaanzia hapo. Mtoto haoni aibu akiwa miongoni mwa wenzake wanaopambana na jambo lile lile. Anaona anaweza.

Najua utaniuliza fedha zitatoka wapi. Fedha za serikali kwa kila mwanafunzi huchelewa, karo haijalipwa, tangi la maji linavuja. Ni kweli yote. Lakini kulinganisha rejesta hakuhitaji bajeti, na kipimo cha kusoma kinahitaji karatasi chache na walimu waliokubaliana. Penye fedha kidogo, waweke walimu mbele ya rangi ya ukuta. Shule za binafsi zilipofungwa mwaka 2020 walimu wao wengi walikosa mshahara, na huko Mwea, Kirinyaga, kuna madarasa yaliyogeuzwa mabanda ya kuku. Bodi iliyoweka akiba hata ya mihula miwili, na ikaandika ni nani atakayelipwa kwanza, inaweza kufungua shule ikiwa na walimu wake. Hilo liwe ajenda ya mkutano ujao wa bodi, na wazazi wawepo.

Na usingoje mpaka usikie jina la ugonjwa mpya. Uganda ililazimika kufunga muhula mapema Novemba 2022 kwa sababu ya Ebola. Mwaka 2024 kwetu ilikuwa mafuriko: muhula wa pili ulioahirishwa na kuahirishwa tena ulianza tarehe 13 Mei. Agosti mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likatangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa. Shule zitafungwa tena siku moja, kwa virusi au kwa maji, na siku hiyo mzazi atakutazama wewe.

Mwalimu mkuu, umeshafanya makubwa bila kupigiwa makofi. Ulifungua shule Januari 2021 na barakoa usoni, na madarasa yaliyokuwa yamejaa kupita kiasi, na hofu yako mwenyewe moyoni, ukasimama langoni ukawapokea. Nguvu ile haijaondoka. Waite walimu wako Ijumaa hii baada ya masomo. Toeni rejesta zote, andikeni simu, vijiji na majirani, mchague nani atapima kusoma na lini. Wanaokosekana hata sasa, gaweni majina yao kabla ya kutoka chumbani. Jumatatu mtu aende kubisha hodi.