Je, Kujua Umbo la Protini Kunatosha?

Maji ya Rwenzori hufika kwenye mpunga wa Mubuku kwa sababu watu walichimba mifereji. Mto peke yake haunyweshi shamba. Je, elimu nayo si hivyo? Anayegundua jambo la kuokoa maisha, amemaliza wajibu wake?

Protini ni mnyororo wa asidi amino unaojikunja, na umbo lake huamua kazi yake. Zamani kutambua umbo moja kuliweza kuchukua miaka. Mwaka 2020, programu ya AlphaFold ya kampuni ya DeepMind ya London ilionyesha kwamba kompyuta inaweza kukisia maumbo hayo kwa usahihi mkubwa. Kufikia 2022, maumbo zaidi ya milioni 200 yalitolewa bila malipo.

Hata hivyo, tuutazame ugonjwa wa selimundu. Mwaka 1949, Lehmann na Raper walichapisha matokeo ya kupima damu nchini Uganda. Katika jamii ya Baamba, majirani zetu wa upande wa pili wa Rwenzori, takribani watu 4 kati ya 10 walikuwa wamerithi jeni ya selimundu. Chanzo chake ni badiliko la asidi amino moja tu kati ya 146 za mnyororo wa beta wa himoglobini. Umbo la molekuli moja halibadiliki sana. Madhara huja pale molekuli nyingi, zikikosa oksijeni, zinaposhikamana na kuipinda chembe ya damu. Kwa hiyo kompyuta inaweza kulikisia vyema umbo la molekuli moja na bado isiuone ugonjwa.

Kikwazo kingine hakimo ndani ya kompyuta. Badiliko hilo lilijulikana tangu miaka ya 1950. Mwaka 2023, Marekani iliidhinisha tiba ya jeni iitwayo Casgevy, kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mzazi wa Bwera ataipata wapi?

Huenda mtu akasema kazi ya mwanasayansi ni kujua, na kugawa ni kazi ya serikali. Ni kweli kwamba mhunzi wa jembe hadaiwi mavuno. Lakini elimu hii ilipatikana pia kwa damu ya watu wa milima yetu. Aliyetoa damu ili wengine wajue ana haki katika kilichojulikana. Deni hilo ni la watafiti, makampuni na serikali kwa pamoja, na malipo yake yaanze na yanayowezekana leo: kupima watoto wachanga na kufikisha dawa ya haidroksiurea katika vituo vya afya vijijini.

Maumbo milioni 200 ni mto mkubwa. Mifereji bado hatujaichimba.