Chuki kwa Mkubwa wa Nchi



Katika nchi zote watu hunung'unika juu ya serikali. Kodi ni nzito, barabara ni mbovu, mshahara hautoshi: manung'uniko ya namna hiyo ni ya kale kama serikali yenyewe. Lakini kuna jambo lingine lililo zaidi ya manung'uniko. Ni pale mwananchi anapomchukia Rais kama mtu anavyomchukia jirani aliyemwulia mtoto. Hajakutana naye hata siku moja, hajala naye, hajagombana naye juu ya mpaka wa shamba. Hata hivyo, akiisikia sauti yake redioni huifunga. Akiambiwa kwamba ni mgonjwa, hufurahi. Tuulize leo: chuki ya namna hiyo inatoka wapi? Tena, je, ni halali?

Ili tusiseme maneno ya hewani, tutazame mfano mmoja ambao wazee wetu waliuona kwa macho yao: Mobutu, aliyeitawala nchi yetu tangu 24 Novemba 1965 mpaka Mei 1997. Alikufa Rabat, katika Moroko, tarehe 7 Septemba 1997. Basi twaweza kusema habari zake bila woga na bila kujipendekeza.

Sababu ya kwanza ya chuki ilitoka kwake mwenyewe. Mwaka 1967 aliunda chama cha MPR, na baadaye kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanachama, hata mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake. Picha yake ilitundikwa katika kila ofisi. Sura yake ilikuwa juu ya noti za pesa. Jioni, kabla ya habari za televisheni, watu walikiona kichwa chake kikishuka katikati ya mawingu. Wafanyakazi na watoto wa shule waliimbishwa na kuchezeshwa kwa heshima yake. Aliitwa Baba wa Taifa, Kiongozi na Nahodha. Shule ikijengwa, ni yeye ameijenga. Daraja likifunguliwa, ni yeye amelitoa. Sasa fikirini: mtu anayejitwalia sifa za mvua, atakosaje kudaiwa habari za jua kali? Aliyetaka kila jema liitwe kwa jina lake, aliwafundisha watu pia kuliita kila baya kwa jina lake.

Sababu ya pili iko katika roho ya binadamu. Maumivu hutafuta sura ya mtu. Mwaka 1967, zaire moja ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Mwishoni mwa mwaka 1992 ilitolewa noti ya zaire 5,000,000, nayo wachuuzi wengi waliikataa. Askari waliolipwa kwa noti hizo walifanya fujo Kinshasa katika Januari 1993, wakanyang'anya mali na kuua watu. Kwa nini pesa ziliharibika hivyo? Sababu zilikuwa nyingi: bei ya shaba ilianguka toka miaka ya 1974 na 1975; madeni ya nje yaliongezeka; mali ya nchi iliibiwa; serikali ilichapa noti bila kiasi. Lakini mama aliyesimama sokoni na noti ile mkononi, asiweze kununua nayo chumvi, aliona nini? Hakuona bei ya shaba, wala madeni. Aliiona sura moja tu, ile iliyochapwa juu ya karatasi. Mtu hawezi kuichukia hesabu. Anaichukia sura.

Hapa msomaji atasema: «Lakini mtu huyo alikuwa na makosa kweli!» Ndiyo, tena makubwa. Usiku wa 11 Mei 1990, wanafunzi walishambuliwa ndani ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Tarehe 16 Februari 1992, Wakristu walioandamana Kinshasa walipigwa risasi. Kukasirikia matendo kama hayo si dhambi. Asiyeyakasirikia, moyo wake umelala. Basi inatupasa kupambanua hasira na chuki, maana zafanana kwa uso na si ndugu.

Zamani sana Aristoteli, mwenye hekima wa Ugriki, aliyapima mambo haya mawili. Alionyesha kwamba hasira humlenga mtu fulani kwa tendo fulani, lakini chuki yaweza kulenga jamii nzima ya watu. Mwenye hasira anataka mkosaji alionje kosa lake. Mwenye chuki anataka yule mtu asiwepo kabisa. Siku zikipita, hasira hupoa. Chuki haiponywi na siku. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifuata njia hiyo, akaongeza kwamba hasira hutaka adhabu kwa kuwa inaona ni haki, lakini chuki hutaka mabaya ya mwenzake kwa kuwa ni mabaya tu. Ndiyo maana chuki ni mbaya zaidi. Tunaruhusiwa, naye anasema hivyo, kulichukia kosa la ndugu yetu. Haturuhusiwi kuuchukia ubinadamu wake.

Ikiwa ndivyo, mbona roho zetu huikimbilia chuki upesi hivyo? Hapa tunaifikia sababu ya tatu, ile iliyojificha. Wahenga walisema: mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Mobutu hakuichinja nchi peke yake. Nani aliyedai matabishi ili atie mhuri kwenye karatasi? Nani aliyeuza pointi za mtihani? Nani aliyehukumu kesi kwa kutazama bahasha? Nani aliyevaa nguo ya chama na kupiga makofi ili apewe cheo cha jirani yake? Mwenyewe alipohutubia watu katika Mei 1976, alisema hadharani kwamba anayetaka kuiba, aibe kidogo na kwa akili. Wengi walicheka. Tena wengi walilishika shauri hilo.

Sisemi kwamba makosa yote ni sawa. Karani asiyelipwa miezi sita, aliyepokea matabishi ili watoto wake wale ugali, hawezi kuwekwa kwenye mizani moja na mkubwa aliyejenga majumba ya marumaru Gbadolite. Mwenye nguvu nyingi atadaiwa mengi. Lakini chuki haipimi hivyo. Chuki hufanya hesabu nyepesi: yeye yote, sisi hapana. Ikiwa mabaya yote yanakaa ndani ya mtu mmoja, mimi ni safi. Pilato alinawa mikono kwa maji. Sisi twanawa kwa chuki. Ndiyo maana chuki ni tamu: inatuletea usafi bila kutuomba kuacha kitu.

Basi tutazame matunda yake, maana mti hujulikana kwa matunda.

Tunda la kwanza ni kwamba chuki haikai mahali ilipowekwa. Huanza kwa mkubwa mmoja, halafu hushuka kwa watu wake. Katika Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, awe Waziri wa Kwanza mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga, jimbo lililoitwa Shaba siku zile. Ulikuwa ugomvi wa wakubwa juu ya kiti. Lakini huku kwetu watu walichochewa, na chuki ikamwagikia jirani. Katika miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Wengi wao walizaliwa huku. Baba zao waliletwa kufanya kazi za migodi na za reli. Wakalala kwenye stesheni na watoto wao, wakingoja treni kwa majuma mengi, na wengi wakafa kwa magonjwa. Yule mtoto aliyekufa kwenye stesheni ya Likasi, alikuwa amemnyima nani kiti?

Tunda la pili ni upofu. Kwa kuwa chuki inamtazama mtu tu, inadhani mtu akiondoka, mabaya yameondoka. Mwezi wa Mei 1997 Mobutu alikimbia, na tarehe 17 majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yakaingia Kinshasa. Watu wengi walishangilia. Wengine waliziingia nyumba za mkubwa aliyekimbia, wakachukua viti, vitasa na hata mabomba. Lakini tarehe 2 Agosti 1998 vita vingine vilianza, vibaya kuliko vya kwanza, na tarehe 16 Januari 2001 Rais Kabila mwenyewe aliuawa kwa risasi ndani ya nyumba yake. Matabishi yalibaki ofisini. Kesi ziliendelea kuuzwa. Sura ilitolewa ukutani. Msumari ulibaki, ukingoja picha nyingine.

Tunda la tatu watu hawalifikiri: chuki humsaidia yule anayechukiwa. Mtawala akijua kwamba raia wanataka afe, huwaambia askari wake na watu wa kabila lake: «Mnaona? Nikianguka mimi, mtachinjwa ninyi.» Nao humshikilia, hata wale ambao mioyoni mwao wamekwisha kumchoka. Anayepiga kelele za kuua huufunga mlango ambao maaskari wangeweza kuutokea.

Mwingine atajibu: «Bila chuki tutapata wapi nguvu za kuupinga udhalimu?» Swali hili ni zuri, na jibu lake lilionekana Kinshasa Jumapili ile ya 16 Februari 1992. Mkutano Mkuu wa Taifa ulikuwa umefungwa na serikali katika Januari. Walei Wakatoliki waliwaita watu waandamane ili ufunguliwe tena, na watu walitoka makanisani kwa maelfu na maelfu. Walishika rozari, biblia na matawi, wakaimba. Hawakushika mapanga. Hawakudai kichwa cha mtu; walidai jambo moja lenye jina, yaani mkutano ufunguliwe. Makumi ya watu waliuawa siku ile. Lakini katika Aprili 1992 mkutano uliendelea. Tazameni tofauti: chuki ya miaka mingi, iliyosemwa chini chini nyumbani na baani, haikufungua hata mlango mmoja, hasira iliyojua inachotaka ilifungua ule uliofungwa.

Sisemi kwamba siku ile ilimaliza taabu zetu, haikuzimaliza. Nasema tu kwamba ilitufundisha njia. Marais wamekuja na kwenda, na wengine watakuja, wakipendwa na hawa na kuchukiwa na wale. Basi, ndugu msomaji, siku moyo wako utakapowaka kwa kusikia jina la mkubwa fulani, ujiulize maswali haya. Je, naweza kulitaja tendo lake baya, mahali na siku, au nalijua jina lake tu? Nataka tendo hilo likome, au nataka mtu huyo asiwepo? Watu wa kijiji chake na wa lugha yake, nawatazama kwa jicho gani? Tena tendo lile lile, kwa kipimo kidogo, halifanyiki katika ofisi yangu, katika darasa langu, katika nyumba yangu?

Ukiweza kulitaja tendo, litaje kwa sauti. Iambie serikali, iandikie, simama na wenzako, usiogope. Hiyo ni haki yako na kazi yako. Lakini usimwachie Rais hata mmoja nafasi moyoni mwako kwa njia ya chuki. Yeye hulala usingizi katika nyumba yake. Ni wewe utakayekesha. Na asubuhi, mbele ya dirisha la ofisi yako, atasimama mjane mwenye karatasi yake mkononi. Hapo ndipo utawala wako unapoanza.