Zamu Yetu Itafika Lini

Mwaka juzi kampuni moja, jina nitaliacha, iliomba watu mitandaoni waibunie jina la soda mpya. Tangazo lilisema hii ni soda yenu, nyinyi ndio wenye chapa. Mimi ni mwandishi wa vibarua, leo kuna kazi kesho hakuna, kwa hivyo wakati ninao. Nilituma majina manne. Miezi kadhaa baadaye niliona mojawapo kwenye bango, limebadilishwa herufi moja tu. Labda msee mwingine alilifikiria pia, siwezi kuapa. Nilichopata ni asante na kredo ya shilingi 50, kama kila aliyeshiriki.

Sikukasirika sana. Kilichonikaa kichwani ni lile neno "yenu". Kama soda ni yangu, mbona naenda dukani kuinunua?

Soda ni kitu kidogo, sawa. Lakini kama uko Kenya, kuna kitu kikubwa zaidi ambacho wateja walikitengeneza pamoja na kampuni, na kiko mfukoni mwako sasa hivi.

M-Pesa haikuanza kama tunavyoijua. Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza majaribio Nairobi na Thika wakishirikiana na Faulu Kenya, na karibu pauni milioni 1 ikatoka kwa serikali ya Uingereza. Lengo lilikuwa moja: mtu aliyechukua mkopo mdogo alipe deni lake kwa simu. Basi. Wateja wa majaribio walikuwa kama 500 hivi, na hawakukaa ndani ya mstari waliochorewa. Nick Hughes na Susie Lonie, waliousimamia mradi huo upande wa Vodafone, waliandika wenyewe mwaka 2007 yale waliyoyaona. Watu walikuwa wanaweka pesa mwanzo wa safari na kuzitoa mwisho wa safari, ili wasitembee nazo njiani. Wafanyabiashara walilaza humo mauzo ya siku. Kuna waliowalipia wenzao mikopo, na kuna walionunua kredo na kuwarushia jamaa zao mashambani.

Hakuna aliyewatuma kufanya hivyo. Bidhaa ilipozinduliwa Machi 2007, habari ya mikopo ilikuwa imewekwa kando na tangazo lilikuwa na wito mmoja: tuma pesa nyumbani. Wito huo ulikuwa ni kile ambacho wale wakopaji walikuwa tayari wanakifanya.

Ilipofika kwetu Garissa, tuliifinyanga tena. Ayeeyo, yaani nyanya yangu, hasomi. Menyu ilikuwa Kiingereza au Kiswahili, meseji zilikuja kwa Kiingereza, na yeye lugha yake ni Kisomali. Nikiwa na miaka kumi, kazi yangu nikitoka dugsi ilikuwa kusoma simu. Mjomba akituma kitu kutoka Eastleigh, Ayeeyo ananinyooshea simu: "Ayeeyo, soma." Ndivyo wazee wetu wanavyoita wajukuu, wanakupa jina lao wenyewe. Namsomea kiasi, jina la aliyetuma na salio. Kisha tunaenda kwa wakala kule Soko Mugdi, mimi nabonyeza namba ya siri, ambayo kwa kweli ilikuwa siri ya watu watatu. Baadaye majirani nao wakaanza kuja na simu zao. Kila bulla ilikuwa na mtoto wa aina hiyo. Mtaani kwetu ndio tuliokuwa wakalimani wa kampuni, na mshahara ulikuwa mahamri.

Kwenye soko la mifugo madilali nao walikuwa na kanuni yao: kamba ya ngamia haibadilishi mkono mpaka meseji isomwe kwa sauti. Kanuni hiyo haikuandikwa kwenye fomu yoyote ya usajili.

Sasa, je, tunadaiwa sisi au tunadai?

Usiniambie wazo halina bei. Kwa miaka mingi Safaricom iliilipa Vodafone ada kwa ajili ya M-Pesa, na mwaka 2020 Safaricom na Vodacom wakainunua chapa yenyewe. Kwa hivyo kuna daftari mahali fulani linaloonyesha nani alimlipa nani kwa kitu hiki. Mkopaji wa Thika aliyekuwa wa kwanza kukwepa wezi wa njiani kwa kutumia simu, hayumo humo. Na si kwamba haiwezekani kumhesabu mtu. LEGO inapokea michoro ya wateja, mchoro ukipata kura 10,000 unaingia kwenye mchujo, na ukitengenezwa aliyeuchora anapata asilimia 1 ya mauzo. Ni kidogo, lakini ana jina na ana hesabu.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa biashara, hunijibu kwamba mwaka 2008 hisa za Safaricom ziliuzwa shilingi 5 kila moja. Aliyetaka kuwa mwenye mali alikaribishwa. Ni kweli. Ila kukaribishwa kununua si sawa na kutambuliwa kwamba ulishajenga.

Ayeeyo ndiye aliyenibana zaidi. Nilimweleza haya yote jioni moja, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwani ulitaka ulipwe kwa kunisomea mimi?"

Hapana, sikutaka. Na hapo ndipo hoja ya kulipwa pesa huniponyoka mkononi. Nilimsomea kwa sababu ni Ayeeyo. Lakini upendo wangu kwake haukuwa zawadi kwa kampuni, ingawa ndiyo iliyokata ada.

Nadhani ninachokitafuta kinaitwa zamu. Ayeeyo yuko kwenye ayuuto tangu sijazaliwa, wanawake kumi na wawili, kila mmoja anatoa 3,000 kwa mwezi na mmoja anabeba chungu chote. Ayuuto haina nembo wala tangazo. Mtu akipatwa na shida anaomba abadilishiwe zamu, wengine wanazungumza, wanakubali au wanakataa. Ukitoa, una kauli.

Msidhani naipamba. Ayuuto ndiyo iliyonitoa chuo. Zamu ya Ayeeyo ilipangwa iangukie karo yangu ya mwaka wa pili. Ukaja ule ukame wa 2022. Mmoja aliyekuwa ameshabeba chungu alipoteza mbuzi wake wote, halafu wawili wengine wakakwama, na chungu kikatufikia kikiwa pungufu. Wale watatu walikuja nyumbani. Wakakaa mkekani, wakanywa chai, wakataja deni lao mmoja mmoja, kiasi na muda, mimi nikiwa nimekaa pale pale. Sijawahi kuona kampuni ikikaa hivyo mbele ya mtu.

Walilipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, 300 leo, 500 wiki ijayo. Mimi ndiye niliyesoma kila meseji. Ile ya mwisho ilipoingia chuo kilikuwa kimeshalifuta jina langu. Ayeeyo aliniambia niisome tena, taratibu, kisha akanituma kwa mwenye deni nikamwambie zimetimia.