Shaka Isiyoingia Chini ya Gari

Fundi wa gereji mjini Elburgon, Kenya, akimwambia mwenye gari la Probox la abiria kwamba boljointi zimekwisha, bushi zimechanika na shoki zote nne zibadilishwe, na jumla yake ni, tuseme, Sh45,000, swali la kwanza ni la mfukoni: kweli gari linahitaji yote haya, au naliwa pesa tu? Ni swali la haki. Fundi ndiye anayetaja ugonjwa, ndiye anayetibu, na pengine duka la spea litampa ya chai. Mwanauchumi Mmarekani George Akerlof alionyesha mwaka 1970, kwa mfano wa soko la magari yaliyokwisha kutumika, jinsi biashara inavyooza pale upande mmoja unapojua mengi kuliko mwingine: mnunuzi asiyeweza kupambanua zima na bovu huyashuku yote, na muuzaji mwaminifu huumia pamoja na mlaghai. Lakini chini ya swali la mfukoni kuna swali la dhamiri. Mtu hupata wapi haki ya kuamini kwamba gari lake ni zima? Jibu langu ni kwamba haki hiyo haipatikani kwa kumshuku fundi wala kwa kutumaini mema. Hupatikana kwa kuangalia, na anayebeba watu anadaiwa huko kuangalia kabla hajadaiwa hata shilingi moja ya matengenezo.

Mwaka 1877 Mwingereza William Kingdon Clifford, mwanahisabati na mwanafalsafa, aliandika juu ya mwenye meli aliyekuwa karibu kuipeleka baharini meli iliyojaa wahamiaji. Meli ilikuwa kuukuu na alikwisha kudokezewa kwamba huenda si salama. Alijua kuikarabati kungemgharimu sana. Basi akajituliza: imesafiri mara nyingi ikarudi, Mungu hatazitupa familia zote hizi, na si vizuri kuwashuku walioiunda. Akaishia kuamini kwa moyo mweupe. Meli ikazama, naye akalipwa bima. Clifford hakumlaumu kwa uongo, maana hakusema uongo. Alimlaumu kwa kuamini jambo ambalo ushahidi aliokuwa nao haukumpa haki ya kuliamini, imani aliyoipata kwa kuinyamazisha shaka yake. Hata kama meli ingefika salama, alisema, hatia ingekuwa ileile. Tazama sasa jinsi mwenye Probox anavyofika palepale kwa njia ya kinyume. Mwenye meli alijituliza kwa kuwaamini mafundi. Mwenye Probox anajituliza kwa kutowaamini. Shaka, tunayoisifu kuwa ni alama ya mtu mwerevu, inaweza kuwa usingizi pia. Wote wawili wamejipatia imani inayowaokolea pesa, na hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama.

Na chini ya gari kuna mengi ya kutazama. Gari likiinuliwa kwa jeki na kuegemezwa vizuri, gurudumu hushikwa juu na chini likatikiswa. Likicheza, mtu mwingine akanyage breki: mchezo ukiisha, kasoro huenda ni ya beringi; ukibaki, boljointi ndiyo ya kushukiwa, na mtaimbo ukiingizwa hapo utaonyesha kiungo kikipanda na kushuka. Likicheza linaposhikwa kushoto na kulia, macho yaende kwenye tairodi. Bushi yenye nyufa nyembamba juujuu imezeeka tu; ile ambayo mpira wake umebanduka kwenye chuma imekwisha. Shoki iliyoshika vumbi lenye unyevu kidogo si sawa na shoki inayotiririka mafuta. Tena mambo haya hayalingani uzito. Boljointi ikichomoka, gurudumu hulala na usukani hauna kazi. Hiyo haingoji mwisho wa mwezi. Shoki iliyochoka ni hatari ya polepole: tairi hurukaruka kwenye njia za udongo za kando ya msitu wa Mau, breki huchelewa kushika, lakini aghalabu mtu anaweza kuipangia tarehe. Bushi inayolia tu inaweza kungoja zaidi. Kwa hiyo orodha yenye jumla moja chini yake ni maswali manne matano yaliyoshonewa gunia moja, na kufikiri huanza kwa kulifungua gunia.

Hapa fundi naye ana deni lake. Hupenda kutukumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli. Ila methali haisemi jinsi ya kupambanua ufa na mkwaruzo wa rangi, na kazi hiyo ndiyo tunayomlipia. Akisema shoki hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia, ana sababu, kwa kuwa mpya ikiwekwa upande mmoja na chakavu upande wa pili gari halitatulia sawasawa. Lakini aeleze, na spea ya zamani amkabidhi mwenyewe aishike mkononi. Kitabu cha Mithali na Sura ya Al-Mutaffifin zote mbili zinalaani kipimo cha hila. Mizani ya fundi ni mtaimbo wake: akikataa kuutumia mbele ya mteja, mteja ana haki ya kwenda kwa fundi wa pili na kumlipa kwa kupima tu, bila kumwahidi kazi.

Mtu atasema: hayo ni maneno ya wenye nacho. Elburgon ni mji ulioishi kwa mbao, na tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji miti Februari 2018 hadi Rais alipotangaza kuiondoa marufuku hiyo Julai 2023, nyumba nyingi zilijua maana ya kuchagua kati ya karo na spea. Pingamizi hili ni zito, na halijibiwi kwa kukemea. Lakini liangalie linathibitisha nini. Umaskini unaweza kuahirisha malipo. Hauwezi kukaza kiungo kilicholegea. Asiye na pesa ana sababu kubwa zaidi ya kupima, ili kidogo alicho nacho kiende kwenye boljointi na si kwenye bushi inayolia tu. Na ikiwa hata hicho hakitoshi, bado anaweza kuliegesha gari mpaka kitoshe. Kuegesha kunauma, ila maumivu hayo yanamwangukia aliyechagua, si aliyelipa nauli.

Pingamizi la pili limebandikwa kwenye vioo vya nyuma vya magari yetu: Mungu ndiye mlinzi. Sipingi. Ila Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwamuru ajengaye nyumba mpya azungushie dari yake ukuta mdogo, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Haimwambii aombe tu. Yesu juu ya kinara cha hekalu alikataa kujitupa ili kumjaribu Mungu. Na katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, aliyeuliza kama amwache ngamia bila kumfunga na amtegemee Mungu aliambiwa amfunge kwanza. William James, akimjibu Clifford mwaka 1896, alitetea haki ya moyo kuamini pale ushahidi usipoweza kuamua na uchaguzi haukwepeki. Namkubalia. Lakini mchezo wa gurudumu ni jambo ambalo ushahidi unaweza kuliamua kwa dakika chache, tena anayejitosa kwa imani ajitose na roho yake mwenyewe. Abiria wa kwenda Molo hakuulizwa kama anataka kushiriki.

Basi mwenye gari asianze na swali la kama fundi ni mwizi. Fundi mwizi anaweza kusema kweli juu ya boljointi, na fundi mcha Mungu anaweza kukosea. Aombe jeki, ainame, aone. Gurudumu likicheza na kiungo kikiwa kimekwisha, gari lisibebe mtu kesho asubuhi, hata kama pesa hazijapatikana. Lisipocheza, na shoki zikiwa kavu, amshukuru fundi, amlipe ya kupima, na zilizobaki azirudishe mfukoni kwa dhamiri safi.