Mzee Asiyelala Usiku

Ndugu zetu Waislamu, twawaona wazee waliosahau hata majina ya watoto wao. Jua likichwa huanza kuhangaika, na usiku wa manane wafungua mlango watoke. Mara twaambiwa ni jini, mganga aitwa, na fedha zaliwa bure. Mengi ya haya ni maradhi ya ubongo, kama yale ya Alzheimer. Mwenyezi Mungu ametia saa ndani ya ubongo, nayo hurekebishwa na mwangaza upitao machoni. Maradhi haya huiharibu, mchana na usiku vikachanganyika.

Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani, baada ya kuwachunguza panya, walieleza kwamba usingizini ubongo hujisafisha taka, na miongoni mwazo ni ile irundikanayo kwa wagonjwa hawa. Haijathibiti kuwa kukesha peke yake huleta maradhi. Lakini Mtume (S.A.W.) alichukia mazungumzo baada ya Isha, nasi twakesha barazani na simu mkononi, kisha Sala ya Alfajiri yatupita!

Basi mama yenu msimfungie katika chumba cha giza. Mtoeni uani asubuhi apate jua, mchana asilale sana, na jioni taa ziwashwe mapema. Na zamu ya usiku isiachiwe binti mmoja, hali ndugu zake wanaume wamelala.