Deni kwa Wafu: Hofu ya Kigothiki Jukwaani na Swali la Machame

Kwa nini binadamu huitafuta kwa hiari, hata kwa kulipa kiingilio, hofu ileile ambayo maishani huikimbia, ni swali lililowashughulisha wanafalsafa tangu Aristotle alipoeleza kwamba tanzia humtakasa mtazamaji kwa njia ya huruma na woga. Swali hilo hupata sura nyingine linapoulizwa Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako wafu huzikwa ndani ya kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba na kurithiwa kizazi hadi kizazi, na ambako Injili ya Kilutheri imehubiriwa tangu wamisionari wa Leipzig walipofika mwaka 1893. Mtazamaji wa London anayeketi gizani akiangalia mzuka ukipita jukwaani hudhaniwa kuwa haamini mizuka. Mtazamaji wa Machame, hata akiwa mzee wa kanisa, hawezi kudhaniwa hivyo kwa wepesi, na nadharia ya hofu isiyoweza kumweleza huyu wa pili ina upungufu ambao hauna budi kuchunguzwa.

Sanaa inayoitwa ya kigothiki ni ile inayotia hofu kwa kuonyesha yaliyopita yakirudi kuwadai walio hai, na kwa kawaida hufanya hivyo ndani ya jengo la kale ambalo wenyeji wake wanaficha jambo. Ilipata jina lake kutokana na Horace Walpole, Mwingereza aliyechapisha mwishoni mwa mwaka 1764 hadithi ya ngome ya Otranto, na ambaye katika chapa ya pili ya 1765 aliiita hadithi ya kigothiki. Watu hukumbuka zaidi kofia kubwa ya chuma inayoanguka kutoka juu na kumponda bwana harusi, lakini mhimili wa hadithi yenyewe ni urithi, kwa kuwa babu wa mtawala Manfred alimuua kwa sumu mwenye ngome, akaichukua kwa hila, na sasa mjukuu anadaiwa. Mwaka 1797 Matthew Lewis alipandisha mzuka wa mama aliyeuawa kwenye jukwaa la Drury Lane jijini London, na watu wakafurika. Karibu karne mbili baadaye, tamthilia ambayo Stephen Mallatratt aliitunga kutokana na riwaya ya Susan Hill, *The Woman in Black*, ilianza mwaka 1987 katika mji wa Scarborough, kisha ikachezwa London kuanzia 1989 hadi 2023, ikiwa na waigizaji wawili wanaosimulia, vifaa vichache mno, na mwanamke mfu ambaye alinyang'anywa mtoto wake na hajasamehe. Kinachounganisha kazi hizi si damu wala giza, bali ni dhuluma ambayo haikulipwa na nyumba ambayo haiwezi kukalika kwa amani mpaka dhuluma hiyo itajwe.

Mtu aliyelelewa kihambani hahitaji kufundishwa jambo hilo. Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, na Charles Dundas, ofisa wa serikali ya Kiingereza ambaye kitabu chake juu ya mlima huo kilitoka 1924, wote waliandika kwa urefu juu ya imani ya Wachagga kwamba waliokufa hubaki karibu na nyumba zao, hupewa sehemu yao ya mbege, yaani pombe ya ndizi, na ya nyama, hukasirika wakisahauliwa, na hufifia taratibu kadiri wale waliowajua kwa majina wanavyokwisha. Laana ya mtu anayekata roho iliogopwa kuliko silaha. Mmea wa isale, ambao hupandwa mipakani na makaburini, ndio huohuo unaopelekwa kwa mtu aliyekosewa ili kumwomba radhi, na ni vigumu kupata ishara inayoonyesha wazi zaidi kwamba ardhi, wafu na msamaha huko ni shauri moja. Ziko pia hadithi za Irimu, zimwi linalokula watu, ambazo Gutmann alizikusanya na ambazo watoto walizisikia usiku kando ya moto. Lakini Irimu hutoka porini, na akishashindwa nyumba huwa salama. Hofu ya kigothiki haina faraja hiyo, kwa maana chanzo chake kimo ndani, katika hati ya shamba na katika jina la ukoo.

Maelezo yaliyozoeleka juu ya raha ya kuogopa huanza na Edmund Burke, aliyedai mwaka 1757 kwamba jambo la kutisha hupendeza pale hatari inapokuwa mbali nasi kiasi cha kutosha. Samuel Taylor Coleridge aliongeza mwaka 1817 kwamba msomaji huweka kando kwa muda, na kwa kutaka mwenyewe, kutoamini kwake. Na mwaka 1978 Kendall Walton, mwanafalsafa wa Marekani, alifika mbali zaidi akasema kwamba mtazamaji wa kazi ya kubuni haogopi hasa, bali hushiriki katika mchezo wa kuogopa. Hoja hizi zimejengwa juu ya dhana moja ambayo haikuthibitishwa popote, nayo ni kwamba mtazamaji ameshaamua kuwa mfu hana nguvu. Mtazamaji ambaye hajaamua hivyo, anayekiri kanisani kwamba Kristo ameyashinda mauti na mapepo, na jioni bado hapendi kulipitia kaburi la mjomba aliyedhulumiwa, hana kutoamini anakoweza kukuweka kando. Hata hivyo yeye naye huenda kutazama, hushtuka, hucheka kwa sauti, humshika mwenzake mkono, na kesho yake husimulia.

Msaada bora zaidi unatoka kwa mwanateolojia Mlutheri, Rudolf Otto, ambaye mwaka 1917 alifundisha kwamba kiini cha dini ni kukutana na kitu kitakatifu kinachotetemesha na kuvuta kwa wakati uleule, na kwamba woga wa mizuka ni chipukizi duni la kicho hicho. Otto ana haki anaposema kwamba mvuto na woga havipingani. Lakini amekosea kuudharau mzuka, kwa kuwa mzuka wa jukwaani hauji kama nguvu tupu isiyo na uso. Unakuja kama mtu, mwenye jina na mashtaka, na swali analouleta ni la haki kabla halijawa la ajabu.

Hapo ndipo jukwaa linapozizidi kurasa na filamu, na mfano unaostahili kutazamwa kwa makini ni *Macbeth* ya Shakespeare, ambayo S. S. Mushi, mwenye jina lililoenea miteremkoni Kilimanjaro, aliitafsiri kwa Kiswahili ikachapishwa mwaka 1968 kwa jina la *Makbeth*. Macbeth, mfalme mpya, ameandaa karamu, ameagiza rafiki yake Banquo auawe njiani, na anapotaka kuketi anaona kiti chake kimekaliwa. Hakuna mgeni mwingine anayemwona aliyekaa. Chapa ya kale ya mwaka 1623 inaagiza mzuka uingie na kuketi mahali pa Macbeth, yaani mwigizaji aonekane na watazamaji wote. Lakini mwaka 1794 John Philip Kemble, akiigiza Drury Lane, aliacha kiti kikiwa kitupu, na tangu hapo waelekezaji wa maigizo wamegawanyika. Wanaotetea kiti kitupu husema kwamba mtu wa kisasa haamini mizuka na atacheka akimwona mwigizaji aliyepakwa unga usoni. Hoja hiyo haina uzito Machame. Mahali ambapo mzee wa nyumba aliweza kumimina mbege kidogo chini kabla ya kuonja, ili wasioonekana wapate chao, kiti kitupu si kitupu, na mwigizaji aliyekaa juu yake hapunguzi uzito wa kiti hicho bali huubeba. Mwili wake ni mzima, anapumua hewa ileile wanayoivuta wanaomtazama, pengine ni jirani yao anayeimba besi kwenye kwaya. Anamkopesha aliyekufa mwili kwa muda wa saa mbili, kisha anaurudisha. Filamu haiwezi kutoa mkopo huo, kwa kuwa picha haimo chumbani. Na kwa kuwa wote ukumbini wanamwona Banquo ilhali wageni wa karamu hawamwoni, watazamaji wanafanywa mashahidi: wanajua kilichotendeka, na hawawezi kusema hawakujua.

Mkristo makini atauliza kama jambo hili ni halali. Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 28, kinasimulia jinsi Sauli, aliyekuwa amewafukuza wenye pepo nchini, alivyojigeuza mavazi na kwenda usiku kwa mwanamke wa Endori ili amwinulie Samweli kutoka kuzimu, na mapokeo ya Kiinjili yameisoma sura hiyo kama katazo la kushughulika na wafu. Makanisa ya mlimani yanajua uigizaji vizuri, maana tamthilia za Noeli na Pasaka huchezwa na vijana wa usharika, na humo Herode, Yuda na hata Shetani hupata nafasi zao bila mtu kudhani kwamba wameitwa. Tofauti iliyopo ni ya kimsingi. Sauli alikwenda kwa siri, kwa faida yake, akitaka jibu juu ya vita vya kesho; mwigizaji husimama hadharani, haulizi chochote, na badala ya kumlazimisha mfu aseme kwa manufaa ya mmoja, huyasema mbele ya wengi yale ambayo mfu hakupata nafasi ya kuyasema. Ikumbukwe pia kwamba Samweli alipopanda hakumpa Sauli siri ya ushindi, bali alimkumbusha kosa lake.

Hatari kubwa haiko katika kuigiza wafu, iko katika kuigiza wachawi. Tanzania inafahamu kwa uchungu mauaji ya vikongwe, hasa katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, ambako wanawake wazee waliuawa kwa kushukiwa uchawi, na tamthilia inayomweka bibi kizee pembeni mwa jukwaa kama chanzo cha mabaya yote inalisha fikra hiyohiyo, hata kama mtunzi alikusudia burudani. *Macbeth* ina vyote viwili, wachawi watatu na mzuka mmoja, na maonyesho hufaulu au huharibika kulingana na upande unaopewa uzito. Wachawi humruhusu mtazamaji amtafute mkosaji kwa jirani. Banquo hamruhusu, kwa sababu anamtazama mwenye nyumba peke yake. Kipimo hiki ni cha kimaadili, na pia ni cha kisanaa, kwa kuwa kitisho kinachomnyooshea jirani kidole huisha pazia linapofungwa, ilhali kile kinachomtazama mrithi humfuata kihambani kwake.

Ebrahim Hussein alilielewa hilo alipotunga tamthilia ya *Mashetani*, iliyochapishwa mwaka 1971, ambamo vijana wawili, Juma na Kitaru, wanaigiza Binadamu na Shetani, na igizo hilo linageuka ugonjwa kwa mmoja wao, kwa maana pepo anayewasumbua ni historia ya waliomiliki na waliomilikiwa. Kwa watu wa Kilimanjaro historia ya aina hiyo ina mwili unaotafutwa. Mangi, yaani mtawala wa Kichagga, Meli wa Moshi ya Kale alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine wa Wachagga, Wameru na Waarusha, na inaaminika kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Isaria Meli, alikidai kwa miongo mingi. Mwaka 2016 kikundi cha maigizo cha Flinn Works cha Berlin kilitoa onyesho *Schädel X*, yaani Fuvu X, juu ya mafuvu ya watu wa makoloni yaliyohifadhiwa Ujerumani, na kufikia 2018 wasanii wake walishirikiana na watu wa Moshi ya Kale kuandaa maonyesho ya kumbukumbu ya Meli. Mnamo Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewatambua ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu kutoka Kilimanjaro, likiwemo la Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwemo.

Onyesho la Berlin lilikuwa la kigothiki kwa maana kamili, kwani liliwaketisha warithi wa nyumba na kuwaambia kilichomo ghalani mwao. Tamthilia ya Kiswahili juu ya Meli, ikichezwa Moshi, ingekuwa na kazi ngumu zaidi, maana Wajerumani hawakumfikisha Meli kwenye mti wa kunyongea bila msaada wa fitina kati ya wamangi wenyewe, na ukumbini wangekaa watu wa Machame, Kibosho, Marangu na Moshi ya Kale, wengine wakiwa wajukuu wa waliodhulumiwa, wengine wa walionufaika, na wengine, kwa kuwa koo za mlimani zimeoana sana, wakiwa wajukuu wa pande zote mbili.